Bia imetulia, ila imemaliza kweli? Cheki hivi kabla hujaitia kwenye chupa

Nianze na kilichonipata mwenyewe. Ndoo yangu ya tatu hivi ya bia ya kujipikia nyumbani, kile kidude cha mapovu juu ya kifuniko kikanyamaza siku ya sita, nikapima mara moja kwa haidromita (kile kipimo kinachoelea, maji matupu kinasoma 1.000, sukari ikiwepo namba inapanda, hamira ikiila inashuka) ikasoma 1.020, nikajisemea hii bia ni nzito tu ndo ilivyo, nikatia sukari kidogo ya kuleta gesi chupani, nikafunga chupa zote, nikaziweka stoo. Kipindi hicho kulikuwa na baridi. Joto liliporudi, usiku mmoja nikasikia kitu kama mtu kagonga mlango na nyundo, af kimya, af tena. Asubuhi naenda kuangalia, boksi limeloa chini, shingo ya chupa moja imelala pembeni na kizibo chake bado kimebana vizuri kabisa, na kipande cha kioo kimejichomeka kwenye ubao wa shelfu. Yaani kizibo kilikuwa kizima, chupa ndo haikuwepo.

Hesabu yake nilikuja kuijua baadae. Nilianza na 1.050, na hamira niliyotumia kwa kawaida inakula kama asilimia 75 ya sukari, maana yake ilitakiwa ishuke mpaka 1.012 au karibu na hapo. Mimi nikafunga kwenye 1.020, kwa hiyo nikaacha pointi 8 ndani (1.020 kutoa 1.012, kila 0.001 ni pointi moja). Kila pointi 2 zikiliwa ndani ya chupa iliyofungwa zinaongeza karibu volyumu moja ya gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Hapo tayari una volyumu 4 za ziada, ongeza zile mbili na nusu nilizokusudia na sukari yangu, unapata presha ya shampeni kwenye chupa ya bia. Shampeni inawekwa kwenye chupa nene kwa sababu hiyo, sio mapambo.

Tangu hapo najiuliza maswali mawili, na nayauliza kwa mpangilio huu huu: imesimama? Na kama imesimama, imesimama pale ilipotakiwa kusimama? Watu wengi wanauliza la kwanza tu, tena wanamuuliza kidude cha mapovu badala ya haidromita.

Kabla ya yote, kipimo chako kinasema ukweli?

Nakaa hapa kidogo manake nusu ya matatizo ya "bia yangu imekwama" ni matatizo ya kupima. Chukua haidromita iweke kwenye maji safi yenye joto lile lililoandikwa juu yake (nyingi ni 20°C, baadhi 15.6°C), isome 1.000. Ikisoma 1.003 basi haijaharibika sana, we toa 3 kila unapopima, ila kama ile karatasi ya namba ndani inacheza ukiitikisa, tupa nunua nyingine, hiyo haitakupa jibu moja mara mbili.

Joto la bia nalo linadanganya. Kwa haidromita ya 20°C, bia ikiwa 30°C itasoma chini kwa kama pointi 2 au 3, ikiwa 40°C ni kama pointi 6. Bia iliyotoka kwenye friji inafanya kinyume chake, inasoma juu. Rahisi zaidi acha sampuli ikae mezani mpaka ifike joto lake, usihangaike na majedwali.

Af kuna gesi. Bia ambayo ndo imemaliza kuchacha ina gesi nyingi imeyeyuka ndani, vipovu vinajibandika kwenye haidromita vinainyanyua, unasoma 1.016 kumbe ni 1.012. Mwaga sampuli kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kumi hivi mpaka ikome kutoa povu, tia kwenye bomba la kupimia, zungusha haidromita kwa vidole kama pia, ikitulia soma ule usawa wa bia yenyewe, sio pale inapopanda kidogo kwenye kioo. Na isiwe imeegemea ukuta wa bomba.

Wenye rifraktomita (kile kipimo cha sukari cha kuchungulia kwenye mwanga), sikilizeni. Kile kifaa ni kizuri siku ya kupika, ila pombe ikishaingia kinachanganyikiwa. Bia iliyoanzia 1.050 ikashuka mpaka 1.012, rifraktomita inaweza kukuonyesha kama 1.025. Mtu anaona 1.025 anapaniki, anaongeza hamira, anapasha ndoo, bia ya watu ilishamaliza zamani. Kuna hesabu za kurekebisha lakini kwa uamuzi wa kufunga chupa mi naamini haidromita tu.

Sampuli ukishapima kunywa, usiirudishe kwenye ndoo. Kile kionjo kina faida yake, tutakiona mbele.

Hamna mapovu kabisa tangu mwanzo

Usimwage. Mara nyingi kifuniko cha ndoo hakijabana, gesi inapita pembeni kwa sababu hapo ni rahisi kuliko kusukuma maji ya kile kidude. Chungulia ukutani mwa ndoo juu ya usawa wa bia, ukiona mduara wa uchafu wa kahawia umegandia, povu lilipanda likashuka, bia imechacha bila kukuaga. Pima, utakuta namba imeshuka vizuri tu.

Kama hamna mduara na namba ni ile ile ya siku ya kupika baada ya siku 3, hapo ni hamira. Ama ilikuwa mzee, ama uliitia kwenye maji ya kimea yakiwa bado ya moto ikafa, ama kuna baridi sana pale ilipo. Tia nyingine nzima, fasta, manake maji matamu yasiyo na hamira ni karamu ya wadudu.

Mapovu yaliacha, sasa yameanza tena

Hii inatisha watu bure. Bia ya baridi inashika gesi nyingi kuliko bia ya vuguvugu, kwa hiyo chumba kikipata joto kidogo, au umehamisha ndoo ukaitikisa, au presha ya hewa nje imeshuka, gesi iliyokuwa imeyeyuka inatoka na kidude kinaanza kuongea. Hamira haihusiki hapo. Pima leo, pima baada ya siku 3, namba ikiwa ile ile basi ni gesi tu inatafuta mlango.

Namba ikiwa imeshuka, hapo kuna mtu anakula. Inaweza kuwa hamira yenyewe imeamshwa na joto, hiyo habari njema, iache imalize. Inaweza kuwa uliongeza hopsi kavu kwenye ndoo, yaani yale maua ya kuipa bia harufu, bila kuyachemsha. Hili wengi hawalijui: hopsi zina vimeng'enya vinavyokatakata ile sukari ngumu ambayo hamira ilishindwa kuila, ikishakatwa inalika, namba inaanza kushuka upya kidogo kidogo. Kwa hiyo ukitia hopsi kavu usitumie vipimo vya kabla ya hopsi, subiri siku 3 au zaidi ndo uanze kuhesabu upya. Au inaweza kuwa kuna mgeni ndani, nitamfikia.

Namba imesimama juu, haishuki

Hili ndo tatizo lenyewe, na ndo lililonipasulia chupa.

Kwanza hakikisha ni kweli iko juu. Juu ya nini? Chukua namba ya kuanzia, toa ile 1, zidisha na kile hamira yako inachobakiza. Paketi ikisema inakula asilimia 75, inabakiza 25. Kwa 1.050, robo ya 50 ni kama 12, basi 1.012. Ukiwa 1.014 uko sawa, hizo asilimia ni makadirio. Ukiwa 1.020 hapana.

Pili jiulize kama namba ya kuanzia ilikuwa ya kweli. Wanaotumia kimea cha maji cha kopo wakaongeza maji juu, kama hukukoroga sawasawa ile nzito inakaa chini na maji yanakaa juu, ulichopima siku ile ulichota juu au ulichota kwenye koki ya chini, namba haina maana. Kwa hao bora kuamini hesabu ya maelekezo kuliko kipimo chao.

Tatu, ulipikaje? Kama uliroweka kimea kwenye maji ya 70°C, umetengeneza sukari ngumu nyingi ambayo hamira ya kawaida haili, bia itaishia 1.018 au hata 1.020 na hapo ndo mwisho wake halali. Ukiroweka kwenye 63 mpaka 65 inatoka kavu, inashuka vizuri. Kimea cha karameli nacho kinabakiza utamu, na sukari ya maziwa hailiwi kabisa, ukitia gramu 500 kwenye lita 20 umeongeza kama pointi 9 au 10 zitakazobaki hapo milele.

Sasa utajuaje kama ni kukwama au ndo mwisho halali? Kuna kipimo kimoja ambacho natamani mtu angeniambia mapema. Chota glasi moja ya bia kwenye chupa safi, tia hamira kavu mpya nyingi, yaani kijiko kidogo kizima kwa glasi ile tu, funika kwa foili bila kubana, weka sehemu ya joto la 25 mpaka 27°C, kila ukipita itikise. Baada ya siku 2 au 3 iache itulie, itoe gesi, pima. Ikibaki 1.020 ile ile, bia yako imefika, hamna cha kukwama, tulia. Ikishuka mpaka 1.013, umepata jibu kwamba kwenye ndoo kuna pointi 7 zinakusubiri. Ile glasi mwaga, ilishafanya kazi yake. Ila tumia hamira ya aina ile ile au inayofanana nayo, ukitia hamira mlafi utapata jibu la hamira nyingine.

Ikiwa imekwama kweli, sababu ninayoiona mara nyingi ni baridi. Hamira za bia za kawaida zinapenda 18 mpaka 22°C, usiku ukishuka mpaka 14 zinalala chini kwenye mashapo zinaona kazi imeisha. Ipandishe joto kwa nyuzi 2 au 3, zungusha ndoo taratibu bila kufungua ili mashapo yainuke, usiikoroge kwa mwiko wala kuimwagisha, hewa ikiingia saa hizi bia inapata ladha ya karatasi iliyoloa. Subiri siku 3. Ikigoma, washa hamira mpya pembeni kwenye maji ya kimea kidogo mpaka uione inatoa povu, ndo uitie. Kumwaga hamira kavu juu ya bia yenye pombe tayari na isiyo na hewa kunafanya kazi mara chache, inafika pale inazimia.

Sababu nyingine ni hamira kidogo kwa bia kali (mtu anapika ya 1.080 anatia paketi moja iliyokaa sana), na kutokuitikisa kupata hewa siku ya kwanza. Hizo kwa ndoo ya leo hazirekebishiki, ni za kukumbuka kwenye ndoo ijayo.

Namba inapanda

Haipandi. Umepima vibaya au umepima baada ya kutia sukari ya chupani. Gramu 7 kwa lita zinaongeza karibu pointi 3. Pima kabla ya sukari.

Namba imeshuka kupita kiasi na bado inashuka

Huyu ndo mgeni niliyesema. Ulitegemea 1.012, ukakuta 1.008, wiki ijayo 1.005, wiki ijayo 1.003. Kama umetumia hamira ya saison (aina ya bia kavu ya Ubelgiji) inaweza kuwa ndo tabia yake, baadhi ya hizo zina uwezo wa kukata sukari ngumu zenyewe na zinashuka pole pole mpaka kwenye 1.002 hivi, zinahitaji uvumilivu tu, wiki kadhaa sio siku. Lakini kama hukutumia hiyo, basi ama ni mabaki yake kwenye vyombo ulivyotumia mara iliyopita, ama ni wadudu wa mwituni.

Fungua uangalie juu. Vijisiwa vya rangi ya krimu vinavyozama ukigusa ndoo, hiyo ni hamira. Ngozi nyembamba nyeupe imetanda kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ina mikunjo, ina mapovu makubwa yamenaswa chini yake, hiyo ni maambukizi. Manyoya ya kijani au meusi ni ukungu, mwaga bila majadiliano. Yenye ngozi onja kidogo, ikiwa inachoma kama siki uamuzi ni wako, ila usiitie kwenye chupa za kioo wakati namba bado inatembea. Af mpira na koki ya ile ndoo badilisha, plastiki ikishakwaruzwa hata dawa haifiki kwenye mikwaruzo.

Namba iko sawa, povu bado lipo juu

Baadhi ya hamira, hasa za bia za ngano, zinashikilia povu mpaka uchoke. Ukipima mara mbili kwa kupishana siku 3 namba ikawa ile ile, povu haliwezi kukuzuia. Unaweza kuipoza karibu na sifuri siku 2 lishuke lenyewe, bia nayo ikawa safi zaidi. Ukipoza toa maji kwenye kile kidude kwanza au utumie foili, ndoo ikipoa inavuta hewa na inaweza kuyanywa yale maji.

Namba iko sawa, ladha haiko sawa

Hapa ndo kionjo kinapokuja. Haidromita inajua sukari, haijui kama hamira imesafisha jikoni baada ya kula. Ikinukia tufaha bichi, bado changa, iache juu ya hamira siku kadhaa zaidi. Ikinukia yai bovu, na ni hamira ya laga (bia inayochachishwa kwenye baridi), usishtuke, ile inapotea yenyewe kwa muda.

Siagi ndo ya kuangalia. Ile harufu ya bisi zenye siagi na ule utelezi mdomoni, bia ikiingia nayo kwenye chupa inaweza kuzidi, manake malighafi yake haina harufu na inageuka baadae. Kwa hiyo gawa sampuli glasi mbili, moja funika uweke kwenye maji ya 60 mpaka 70°C nusu saa, nyingine iache. Ipoze ile ya moto, nusa zote mbili. Iliyopashwa ikinukia siagi na nyingine hainuki, siagi iko njiani inakuja. Zote zikinukia, imeshafika. Dawa ni moja, ipandishe ndoo mpaka 18 au 20°C kwa siku 2 au 3, hamira itaila tena. Laga zilizochacha kwenye 10°C mi napandisha hata kabla hazijamaliza, zikibakiza pointi 4 au 5 hivi.

Nishafunga chupa ndo nasoma haya

Basi usisubiri mlio. Vaa miwani ya kazi na glavu nene, tupia taulo juu ya boksi, chupa zote ziingie kwenye friji kama zinaingia, baridi inailaza hamira na inashusha presha. Zikishapoa kwa siku nzima fungua moja kwenye sinki, taulo juu yake. Ikitoa pumzi ya kawaida na bia ikabaki ndani, subiri, fungua nyingine baada ya wiki. Ikiruka mpaka ukutani, zifungue zote kidogo kidogo zitoe gesi, uzifunge tena na vizibo vipya, baada ya siku 2 rudia. Utapoteza bia. Zile zilizokuwa zinavimba kizibo usizibebe kifuani ukienda nazo kwenye friji, ziache zilipo mpaka chumba kipoe usiku.

Na kila ndoo siku hizi najaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na za kioo, bia ile ile sukari ile ile. Siku ya pili inabonyea, siku ya tano inakuwa ngumu, siku ya kumi ikiwa ngumu kama jiwe na kitako kimeanza kutoka nje mpaka chupa haisimami, nazijua za kioo ziko wapi kabla hazijaniambia.